Digrii bila futikamba ni karatasi tu

KIGAMBONI inajengwa. Hilo halina ubishi. Panda pantoni pale Magogoni au pita Daraja la Nyerere, shuka Tungi, nenda Kibada, endelea mpaka Kimbiji na Pembamnazi. Kila unapogeuka kuna rundo la mchanga, matofali yanamwagiwa maji, nondo zimechomoza kwenye nguzo zikisubiri ghorofa ambayo pengine haitakuja. Anajenga tajiri, anajenga mlalahoi, inajenga serikali. Swali letu wiki hii ni moja tu: nani anapima?

Hatuulizi nani anachora ramani. Hatuulizi nani anakoroga zege. Tunamuuliza yule anayesema kwa hesabu, si kwa kukisia, kwamba kazi hii ina zege mita za ujazo kadhaa, nondo kilo kadhaa na plasta mita za mraba kadhaa, kwa hiyo inastahili shilingi kadhaa na si senti moja zaidi. Mtu huyo ana jina. Anaitwa mkadiriaji majenzi. Anasomeshwa hapa hapa Dar es Salaam, kwenye Chuo Kikuu Ardhi, kule wenyewe mnakoita Survey, na sasa vyuo vingine pia vinafundisha fani zinazohusiana na hiyo. Na wewe kijana wa mjini, huenda unakaa naye kijiweni kila jioni. Ana digrii kwenye bahasha ya kaki na mkononi ana bodaboda ya mkopo.

Gazeti hili linasema wazi kwamba hiyo ni hasara ya watu wawili. Ni hasara ya huyo kijana, na ni hasara yako wewe mlipa kodi. Nchi inayomwaga zege usiku na mchana huku ikiwaacha wapimaji wake vijiweni, ama haijui inachofanya, ama inajua sana.

Tuanze na kitu kidogo ili tuelewane. Unajenga kibanda chako Vijibweni. Ukuta mmoja una urefu wa mita 10 na kimo cha mita 3. Hizo ni mita za mraba 30. Toa mlango wa sentimita 90 kwa mita 2.1, toa na dirisha la mita 1.5 kwa 1.2. Zinabaki mita za mraba 26 na kidogo. Tofali la sentimita 45 kwa 22 na nusu, ukiweka na udongo wake wa kujengea, linakwenda tofali 9 na robo hivi kwa kila mita moja ya mraba. Jumla yake ni tofali 243. Ongeza asilimia 5 kwa zile zitakazovunjika njiani, unapata 256. Sasa fundi amekuambia ulete 350. Je, hizo 94 zinakwenda wapi?

Hatusemi kila fundi ni mwizi. Wengi wanakisia tu, kwa sababu hakuna aliyewahi kuwalipa kwa kupima. Lakini kukisia na kuiba vinaacha shimo la ukubwa ule ule mfukoni mwako. Huo ni ukuta mmoja wa mlalahoi mmoja. Sasa zidisha kwa shule, zidisha kwa hospitali, zidisha kwa barabara na majengo ya mashirika. Ndipo utaelewa kwa nini mtu wa futikamba ana maadui wengi.

Maana kazi yake haiishii kwenye kuhesabu tofali. Kabla ya ujenzi anamwambia mwenye mradi kama fedha zake zinatosha au anaota. Anatayarisha mchanganuo wa kazi na gharama, ule ambao kila fundi mjini anauita BOQ, ili makandarasi wote washindane kwa kitu kimoja. Ujenzi ukianza, mkandarasi akidai malipo ya mwezi, yeye anakwenda mwenyewe kwenye eneo la kazi, anapima kilichofanyika kweli, ndipo hati ya malipo inaandikwa. Mwenye mradi akibadili mawazo katikati ya kazi, yeye ndiye anayekadiria thamani ya mabadiliko hayo. Na hapo kwenye mabadiliko, ndugu msomaji, ndipo panya wakubwa hupitia. Mwisho wa yote anafunga hesabu: tulipanga kiasi gani, tumetumia kiasi gani, na kwa nini.

Sasa tumtazame kijana mwenyewe. Ametoka Mbagala au Tandika, amesoma kwa shida, amepata mkopo wa Bodi ya Mikopo ya Elimu ya Juu. Mkopo huo si sadaka. Tangu sheria ilipobadilishwa mwaka 2016, akipata ajira anakatwa asilimia 15 ya mshahara wake. Siku ya mahafali mama yake amevaa kitenge kipya na mtaa mzima umekula pilau. Wiki inayofuata anaanza kugonga milango ya kampuni. Kila mlango unamuuliza swali moja: una uzoefu wa miaka mingapi?

Uzoefu! Ataupata wapi kama kila mwenye kazi anataka mtu aliyekwisha kufundishwa na mwingine? Ni sawa na kumwambia mtoto asitie mguu baharini mpaka ajue kuogelea. Kijana anarudi nyumbani, anapiga pasi shati lile lile, na kesho anagonga mlango mwingine.

Lakini tusiwe mashabiki wa upande mmoja. Msikilize na mwenye kampuni, maana naye ana kilio chake. Anasema: nimemchukua kijana ana digrii nzuri, nimempeleka kwenye jengo, nimempa ramani, nimemwambia nipimie msingi huu. Ameshindwa kusoma mkato wa msingi. Hajui tofauti ya bei ya nondo ya milimita 12 na ya milimita 16. Hajawahi kuona kenchi ikipandishwa. Anaijua kanuni kwa kichwa, ila hajui inaanzia wapi pale matope yalipo. Nikimwachia hati ya malipo, kwa kosa la sifuri moja kampuni yangu inafungwa.

Kilio hicho ni cha kweli na hatutakifunika na mkeka. Wenye kazi wanataka nini hasa? Tukitazama kazi yenyewe inavyokwenda, tunaona mambo sita, na hakuna hata moja la ajabu.

Kwanza, wanataka mtu anayepima bila kubahatisha. Zipo kanuni za upimaji wa kazi za majengo zilizotungwa kwa ajili ya Afrika Mashariki, na toleo lake la vipimo vya mita ni la mwaka 1970. Yaani zimekuwepo kabla hujazaliwa. Kijana lazima azijue kama dereva wa daladala anavyovijua vituo.

Pili, wanataka mtu anayejua bei ya leo, si ya kwenye kitabu cha mwalimu. Ajue kwamba saruji ya Nyati inatengenezwa Kimbiji, hapa hapa wilayani, na ya Twiga inatoka Wazo Hill. Ajue kwamba kokoto ikitoka Lugoba inakuja na gharama ya lori na foleni ya njiani. Ajue kujenga bei kutoka chini: vifaa, vibarua, mitambo, uendeshaji wa kampuni, kisha faida. Asiyejua bei inajengwaje atanakili bei ya jirani, na jirani naye alinakili.

Tatu, wanataka mtu anayesoma mkataba. Baraza la Taifa la Ujenzi lina mikataba yake ya kazi za majengo. Kwenye miradi mikubwa ya fedha za nje unakutana na ile ya FIDIC. Katika toleo la FIDIC la mwaka 1999, mkandarasi anayeona anastahili fedha au muda wa ziada anatakiwa atoe taarifa ndani ya siku 28. Siku ya 29 amechelewa na anaweza kupoteza haki yake yote. Kampuni ya mzalendo inaweza kufa kwa siku moja hiyo, si kwa uvivu, bali kwa sababu ofisini hapakuwa na mtu wa kusoma kifungu.

Nne, kompyuta. Excel isiwe ya kutengenezea ratiba ya harusi tu. Ramani za AutoCAD azifungue na kuzipima. Ajifunze na mifumo mipya ambayo jengo zima linachorwa ndani ya kompyuta likiwa na vipimo vyake. Zabuni za serikali nazo sasa zinapita kwenye mfumo wa NeST, ulioanza kutumika mwaka 2023. Asiyeujua huo ni kama mvuvi aliyekuja ufukweni bila wavu. Ila tukumbushane: kompyuta haijui uongo. Ukiilisha vipimo vya uongo, itakuletea jibu la uongo lililopangwa vizuri na kupigwa mstari chini.

Tano, wanataka mtu anayejua kusema na kuandika. Barua kwa mshauri wa mradi inaandikwa kwa Kiingereza kilichonyooka. Mazungumzo na fundi yanafanyika kwa Kiswahili cha adabu, si kwa kumdharau. Fundi aliyedharauliwa hatakuonyesha mahali nondo zilipopungua.

Sita, uaminifu na ujasiri wa kusema hapana. Kwa hili la sita tutarudi, maana ndilo linalowanyima wakubwa usingizi.

Wenzetu wa Uingereza wana chama chao cha wataalamu wa fani hizi, RICS, kilichoanzishwa London mwaka 1868. Kijana anayetaka kukubaliwa humo anapimwa kwa ngazi tatu. Ngazi ya kwanza ni kujua. Ya pili ni kufanya kile unachokijua. Ya tatu ni kumshauri mwenye fedha, ukampa na sababu zako. Hatusemi tuige kila kitu cha Wazungu. Tunasema kipimo hicho kinatufaa tujitazame. Vijana wetu wengi tunawafikisha ngazi ya kwanza, tunawapigia makofi, kisha tunaondoa ngazi.

Nani aliyeondoa ngazi? Wapo watakaosema ni walimu wa vyuo. Ni kweli mwalimu ambaye hajakanyaga eneo la ujenzi kwa miaka kumi hawezi kumfundisha mtu bei ya leo. Ni kweli pia wapo wanafunzi ambao daftari la mafunzo kwa vitendo linajazwa hosteli kwa usiku mmoja, kwa kunakili la rafiki. Hao tunawaambia bila kumung'unya maneno: mnajiibia wenyewe. Lakini mkono mkubwa zaidi ni wa serikali, kwa sababu serikali ndiyo mjenzi mkubwa kuliko wote nchini. Mwenye milango mingi ndiye wa kuulizwa kwa nini imefungwa.

Wasituambie haiwezekani. Kwa wahandisi imewezekana. Tangu mwaka 2003 Bodi ya Usajili wa Wahandisi ina mpango unaowapeleka wahitimu kazini kwa miaka mitatu chini ya mhandisi mzoefu, wakifanya kazi halisi na kukaguliwa. Na sheria yenyewe ya wabunifu majengo na wakadiriaji majenzi, Sheria Na. 4 ya mwaka 2010, haikuachii ujiite mtaalamu kwa sababu tu umevaa joho. Lazima usajiliwe na bodi, na usajili kamili unadai mazoezi ya kazi. Basi kama sheria inadai mazoezi, na serikali ndiyo yenye majengo, kwa nini kijana anatafuta mahali pa kufanyia mazoezi kama anayetafuta sukari wakati wa uhaba?

Hebu tutazame mambo mawili yaliyotokea, tuone nchi inapoteza nini inapomweka mpimaji pembeni.

Mwaka 2021 Tanzania ilipata mkopo wa Shirika la Fedha la Kimataifa uliofikia shilingi trilioni 1.3, zikaitwa fedha za UVIKO-19. Katika hizo yalijengwa madarasa 15,000, na kila darasa likapangiwa shilingi milioni 20. Madarasa yalihitajika na watoto wamekaa humo, hilo hatulikatai. Lakini soma tena: kila darasa milioni 20. Kigamboni, ambako kiwanda cha saruji kipo Kimbiji, milioni 20. Ukerewe, ambako mfuko wa saruji unavuka ziwa kabla ya kufika, milioni 20. Udongo wa mfinyanzi unaotaka msingi mrefu, milioni 20. Mwamba usiotaka msingi mrefu, milioni 20. Ndugu msomaji, huko si kukadiria. Huko ni kugawa peremende. Pale ambapo fedha zilizidi, nani alirudisha chenji? Pale ambapo zilipungua, ni mwananchi gani alichangishwa au ni nondo gani ilipunguzwa? Maswali hayo yanajibiwa na mtu mmoja tu, yule wa futikamba. Madarasa 15,000 yangekuwa darasa la vitendo kwa kila mhitimu wa ukadiriaji nchini. Tungepata majengo na tungepata wataalamu kwa fedha ile ile.

Jambo la pili lipo hapa hapa Kigamboni na huhitaji kupanda basi kwenda kuliona. Mradi wa Dege, mji wa kisasa wa NSSF pamoja na mbia wake binafsi, ulipangwa kuwa na nyumba zaidi ya 7,000. Mwaka 2016 ujenzi ukasimama. Makundi ya majengo yakabaki yametumbua macho bila madirisha, na zile ni fedha za akiba ya wafanyakazi, za baba yako aliyekatwa kila mwezi. Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali, katika ripoti yake ya mwaka wa fedha 2014/15, alihoji mambo kadhaa, pamoja na ekari ya ardhi kuhesabiwa kwa shilingi milioni 800.

Tuwe waangalifu hapa. Bei ya ardhi ni kazi ya mthamini, si ya mkadiriaji majenzi. Wala hatusemi mradi ule haukuwa na wakadiriaji. Tunachosema ni hiki: mradi mkubwa kama ule hausimami ghafla kama daladala iliyoishiwa mafuta. Kwanza unasimama kwenye karatasi. Makadirio ya mtiririko wa fedha yanaonyesha mapema kwamba mwezi fulani kibubu kitakuwa kitupu. Basi ni lazima awepo mtu mwenye hesabu hizo, na awepo mtu wa kumsikiliza. Ukikosa mmoja kati ya hao wawili, unapata mapango ya popo kandokando ya bahari. Na kabla ya Dege tulishatangaziwa Mji Mpya wa Kigamboni mwaka 2008. Watu walizuiwa kuendeleza viwanja vyao wakisubiri maghorofa ya kwenye picha. Picha zilikuwa nzuri sana. Hesabu ya nani atalipa nini haikuonekana.

Hapo ndipo tunaporudi kwenye lile la sita. Mwenye kazi mwaminifu anamtaka kijana anayejua kupima, kwa sababu atamwokolea fedha. Mwenye kazi mwizi anamtaka kijana mwenye digrii asiyejua kupima, kwa sababu anahitaji muhuri. Elewa tofauti hiyo, kwa sababu wewe ndiye unayewindwa. Kijana asiyejua kazi atawekewa mbele karatasi iliyokwisha kujazwa, ataambiwa "saini hapa, mzee ameshaiona." Atasaini, kwa kuwa hana namna ya kubisha. Hawezi kusema zege hili halifiki mita za ujazo 80 kama hajui kulipima. Anayejua atasema: nilikuwepo, nimepima, ni mita 61, na daftari langu hili hapa. Kwa hiyo usidanganyike kwamba ujuzi ni wa kutafutia mshahara tu. Ujuzi ndio uti wa mgongo wa uaminifu. Mtu asiyejua kazi yake hana cha kusimamia.

Na siku mambo yakiharibika, unadhani nani atapandishwa kizimbani? Mzee aliyeiona karatasi hakuacha alama ya kidole. Saini ni yako.

Sasa tunadai yafuatayo, na hatudai kwa kupiga magoti.

Moja: kila mkataba wa ujenzi wa fedha za umma, uwe wa halmashauri ya Kigamboni, wa wizara au wa shirika, uandikwe kifungu cha kumtaka mkandarasi na mshauri wapokee wahitimu wa kujifunza kazi, na idadi yao itajwe. Kifungu hicho kiwe na bei yake ndani ya mchanganuo kama ilivyo bei ya mlango na dirisha, ili mkandarasi asiseme hakupewa fedha. Kitu kisichokuwa kwenye BOQ hakijengwi. Hilo kila mkadiriaji analijua.

Mbili: wahitimu hao walipwe posho. Mwaka 2012 nauli ya pantoni ilipopanda kutoka shilingi 100 hadi 200, Kigamboni nzima ilitikisika. Leo unamwambia kijana wa Toangoma afanye kazi bure miezi sita, ale nini? Mafunzo ya bure ni ya watoto wa wakubwa, ambao wana pa kulala na dereva wa kuwapeleka. Mtoto wa mama lishe ataacha mwezi wa pili, halafu mtamwita mvivu.

Tatu: michanganuo na hesabu za mwisho za majengo ya umma yaliyokwisha kukamilika zipelekwe vyuoni, zifundishiwe. Mwanafunzi aone zahanati ilikadiriwa kiasi gani, ilimalizika kwa kiasi gani, na tofauti ilitoka wapi. Jengo limekwisha, mkandarasi amelipwa, siri iko wapi tena? Anayeogopa mwanafunzi kuisoma hesabu ya zahanati, basi zahanati ile ina mgonjwa ambaye hajalazwa.

Nne: vyuo viwaite wakadiriaji wa makampuni na hata mafundi wakuu waje kufundisha, na walimu nao wapelekwe kwenye ujenzi. Mtihani wa mwisho usiwe wa karatasi peke yake. Mpeleke mwanafunzi Kibada, mwonyeshe nyumba iliyofika kwenye linta, mpe ramani, mpe futikamba na saa tatu. Atakayeleta vipimo sahihi amefaulu.

Hayo ni ya wakubwa, na tunajua wakubwa husikia polepole. Kwa hiyo maneno ya mwisho ni yako wewe kijana unayetusoma kijiweni. Usiwasubiri.

Una digrii na huna kazi? Mtaani kwako kuna nyumba isiyokwisha. Muombe mwenyewe ruhusa, chukua futikamba, pima yote kuanzia msingi hadi kenchi, kwa kufuata kanuni. Andaa mchanganuo wake. Kisha nenda maduka ya vifaa vya ujenzi ya Kibada na Mjimwema, uliza bei ya saruji, nondo, bati na rangi, iandike na tarehe. Rudi mwezi ujao, iandike tena. Baada ya mwaka utakuwa na daftari la bei ambalo makampuni mengi hayana. Siku ukiulizwa uzoefu, weka daftari mezani badala ya kuweka machozi.

Wewe saidia fundi, deiwaka usiye na digrii, usidhani haya hayakuhusu. Wewe unajua jambo ambalo msomi yule halijui. Unajua ndoo ngapi za mchanga zinaingia kweli kwenye mfuko mmoja wa saruji, na ngapi zinaandikwa. Unajua siku nondo zilipopunguzwa kabla ya kumimina. Kaa na huyo msomi wa kijiweni. Mfundishe kinachofanyika pale matopeni, naye akufundishe kuhesabu mita za ujazo. Jamvi la mita 10 kwa 8 lenye unene wa sentimita 10 ni mita za ujazo 8. Kwa mchanganyiko wa moja, mbili, nne, kila mita ya ujazo inakula mifuko sita na nusu hivi, jumla 52. Fundi aliyejua kufanya hesabu hiyo mbele ya mwenye nyumba hatapatana kwa kukisia tena, wala hatapunjwa. Ninyi wawili mkiungana ni ofisi tosha ya kuanzia.

Na wewe mwenye kampuni, mzalendo unayelia kwamba vijana hawajui kazi, tunakuuliza kwa heshima: wewe nani alikufundisha? Kuna mzee mmoja alikuvumilia ukikosea, akakurudishia karatasi yenye wino mwekundu, ukapima tena. Lipa deni hilo. Chukua vijana wawili tu. Usiwafanye watu wa kutoa fotokopi na kununua chapati. Wapeleke juani.

Watawala wetu wanapenda kukata utepe. Mkasi unaletwa kwenye sinia, ngoma zinapigwa, picha zinapigwa. Sisi tunasema kabla ya mkasi ije futikamba, na ishikwe na kijana anayeijua. Nchi ikishakuwa na vijana elfu kadhaa wanaojua kupima, wasiosaini wasichokiona, uongo utakuwa ghali sana.

Pima, ndugu. Pima, andika, tunza daftari.